Naomba ushauri: nimeacha nyama, maziwa na mayai, nguvu zinaisha. Protini nipate wapi?

Chipukizi_Bombo
Habari zenu wana jukwaa. Niko Bombo, Uganda, mwanamke, miaka 29, kilo 58. Sili nyama, samaki, mayai wala maziwa. Chakula changu ni matooke (ndizi za kupika), posho (ugali wa mahindi), muhogo, maharage, njugu ya kusaga, na mboga za majani: dodo (mchicha) na nakati. Miezi hii naamka nimechoka, ulimi unauma nikila kitu cha moto, na vidole vya miguu vinachomachoma kama mtu aliyekalia mguu muda mrefu. Naona ni upungufu wa protini. Nile nini na kwa kiasi gani? Kurudi kwenye nyama msinishauri, hilo nililimaliza.

Njugu_za_Soroti
Karibu dada. Tupige hesabu. Mtu mzima anahitaji gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo kilo 58 ni kama gramu 46 kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina gramu 15 hivi. Njugu gramu 30, yaani konzi moja, zina 7 au 8. Unga wa posho gramu 100 una 8. Vikombe viwili vya maharage, konzi mbili za njugu na posho ya mchana, umeshavuka 46. Matooke ndiyo yanadanganya: gramu 100 zina gramu moja na kidogo tu, na muhogo ni hivyo hivyo. Sahani ikijaa matooke na mchuzi ukawa vijiko viwili juu yake, umeshiba lakini hukupata protini.

Ila njugu zichague. Usinunue zilizosagwa tayari kama hujaona zilisagwa kutokana na nini. Nunua nzima, mwaga kwenye ungo, toa zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi na zilizovunjika, ndipo upeleke kusagwa. Ukungu wa njugu na mahindi una sumu ya aflatoksini inayoharibu ini, na kupika hakuiondoi. Zianikwe juu ya turubai, zisigusane na udongo, na zisifungwe kwenye gunia zikiwa na unyevu.

Jikoni_Kwetu
Na maharage yalowekwe, jamani! Saa 8 hadi 12, maji yale umwage, weka mapya, yachemke kwa nguvu dakika 10 kabla ya kupunguza moto wa sigiri. Maharage mekundu yasipochemka sawasawa yanaleta kutapika. Kuloweka kunapunguza ile asidi ya fitiki inayoshika madini ya chuma na zinki tumboni yasiingie mwilini. Ndiyo maana bushera ina faida kuliko uji wa kawaida: mtama au ulezi umeoteshwa, ukachachuka, na asidi hiyo imepungua.

Chai usinywe na chakula, subiri saa moja au zaidi, kwa sababu inazuia chuma. Juu ya maharage kamulia limau au kula na pera, chuma kitaingia vizuri. Na ukitaka kalsiamu usitegemee dodo, ina oksaleti nyingi inayoishika. Sukuma wiki na simsim ni bora.

Ustadh_Kawempe
Mimi nitasema la moyoni. Mwili ni amana. Mtu akijinyima kilicho halali mpaka miguu ikaanza kuchoma, ajiulize anamfurahisha nani. Sikukatazi mboga, dada yangu, lakini nadhiri inayokudhuru haina baraka.

Duka_la_Dawa_Arua
Protini mmeimaliza, chuma mmekimaliza, nadhiri nayo imepata fatwa. Miguu inayochoma hakuna aliyeiuliza. Protini ikipungua haileti hali hiyo ya miguu na ulimi kwa pamoja. Nnyabo, nijibu manne: umeacha vyakula vya wanyama tangu lini? Unameza dawa gani, hasa metformin ya kisukari au omeprazole ya asidi ya tumbo? Una mimba? Unanyonyesha?

Chipukizi_Bombo
Asante ndugu. Ni mwaka mmoja. Metformin wala omeprazole situmii. Nakunywa spirulina, ule unga wa kijani wa mwani, kijiko kila asubuhi, aliyeniuzia alisema ina vitamini B12 kuliko maini. Pia nameza foliki asidi, vile vidonge vidogo vya njano vya miligramu 5, vilibaki. Mboga zangu sizisuguisugui sana, nimesoma B12 iko kwenye udongo.

Duka_la_Dawa_Arua
Miguu kuchoma na ulimi kuuma vinanifanya nishuku upungufu wa B12. Vitu vitatu ulivyotaja, vyote vitatu vina kasoro, na napenda ueleweshwe sababu.

Spirulina ina kitu kinachofanana na B12 lakini mwili wa binadamu hauwezi kukitumia. Ni kama ufunguo unaoingia kwenye kufuli bila kuzunguka. Mboga usiyoiosha vizuri haikupi B12 ya kutegemea, itakupa minyoo na kuhara.

Foliki asidi ndiyo inanitia wasiwasi. B12 ikipungua, kwa kawaida damu hupungua na chembe zake huwa kubwa, na hapo mtu hugundulika. Foliki asidi kwa kipimo kikubwa inairekebisha damu, lakini mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika chini kwa chini. Unapima damu, unaambiwa ni nzuri, kumbe miguu inakwenda.

B12 hutengenezwa na bakteria. Mimea haiitengenezi. Anayekula mimea pekee anahitaji kidonge au chakula kilichoongezewa, maisha yote. Vidonge vyenyewe hupatikana kwa kukuza bakteria, si kwa mnyama, kwa hiyo nadhiri yako haiguswi. Angalia tu ganda la kapsuli, mengi ni ya jelatini. Chukua cha kutafuna au cha kumeza kisicho na ganda.

Maswali mawili umeyaruka. Na hicho “vilibaki”, vilibaki kutoka wapi?

Chipukizi_Bombo
Kutoka kliniki ya wajawazito. Nina mtoto wa miezi saba, ananyonya. Lakini sikuja kuuliza ya mtoto. Mtoto hana shida, ni mnene, mtulivu, usiku halii. Tatizo ni langu.

Njugu_za_Soroti
Kama unanyonyesha hesabu yangu inabadilika. Weka gramu 1.3 kwa kilo, inafika 75. Ongeza kikombe cha maharage na konzi ya njugu.

Mkunga_Mbale
Njugu, subiri kidogo. Mama, huo utulivu nieleze. Anakugeukia ukimwita? Anacheka? Akiwa na miezi mitano alikuwa anashika nini, na sasa anashika nini?

Chipukizi_Bombo
Musawo, alikuwa anashika kijiko cha plastiki na kukipeleka mdomoni. Siku hizi ukimpa kinaanguka. Alikuwa anakaa nikimwekea mto mgongoni, sasa kichwa kinainama mbele. Jirani anasema watoto wa kiume ni wavivu. Uji akipewa anautema. Nimeona maziwa yangu yamekuwa mepesi, kwa hiyo Jumatatu namwachisha, nimpe maziwa ya soya ninayotengeneza mwenyewe. Soya nimeshanunua kilo tano. Naomba msinivunje moyo kwa hilo, nimelifikiria sana.

Mwenye_Swali_Moja
Samahani, mimi siuamini uzi huu. Kwanza miguu, kisha spirulina, kisha foliki asidi, mwisho mtoto, kila ukurasa na jipya lake. Na kuna kosa la wazi: ini la mtu mzima hubeba akiba ya B12 ya miaka miwili mpaka mitano. Mwaka mmoja hauwezi kumfikisha hapo. Hii imetungwa. Ngojeni, kesho atatokea mtu na namba ya simu anauza unga.

Njugu_za_Soroti
Hata mimi nimeshtuka. “Mnene” na “kichwa kinainama” haviendi pamoja.

Jikoni_Kwetu
Kwa hiyo mama akificha kitu kwa aibu amekuwa tapeli? Nani huja jukwaani siku ya kwanza akamwaga kila kitu? Mwacheni ajibu.

Chipukizi_Bombo
Siuzi chochote. Mwaka mmoja ni tangu niache maziwa na mayai. Nyama na samaki niliacha miaka minne iliyopita, na hata hayo maziwa yalikuwa ya kwenye chai tu. Sikutaja mtoto kwa sababu najua mngesema mimi ni mama mbaya, na mama mkwe ameshasema.

Mwenye_Swali_Moja
Miaka minne, na mimba juu yake. Basi hesabu inakubali. Nimekosea, dada, samahani.

Mkunga_Mbale
Hakuna anayekuita mama mbaya. Sikiliza vizuri sasa. Mtoto aliyekuwa anashika akaacha kushika, aliyekuwa anakaa akaacha kukaa, hasubiri Jumatatu. Anapelekwa hospitali leo, yenye daktari wa watoto na maabara. Mtoto huzaliwa na akiba ndogo ya B12 aliyoipata tumboni, na baada ya hapo hutegemea maziwa ya mama. Mama akiwa hana, maziwa hayana. Ndiyo maana mtoto huanza kulegea akiwa na miezi minne hadi kumi, wakati mama bado anatembea na kulalamika miguu tu. Usingizi mwingi, kutocheka, kukataa uji, kichwa kulegea, hizo ndizo dalili zake. Inaweza kuwa ugonjwa mwingine pia, na ndiyo sababu nyingine ya daktari kumwona leo. Kama ni B12, akiwahi sindano hubadilika haraka. Akichelewa, ubongo unaweza usirudi wote.

Usimwachishe. Maziwa ya soya ya nyumbani hayana B12, kalsiamu yake ni kidogo, na kwa mtoto wa umri huu hayashiki nafasi ya titi. Ukitibiwa wewe, maziwa yako yatakuwa na B12. Endelea kumnyonyesha ukiwa njiani.

Ukifika, anza na sentensi hii: “Ninanyonyesha, sili chochote cha mnyama, mtoto amepoteza alichokuwa anakiweza.” Usianze na uchovu wako, watakupa vidonge vya chuma na kukurudisha nyumbani.

Duka_la_Dawa_Arua
Naongezea. Mpimwe wote wawili, B12 na picha kamili ya damu. Damu ichukuliwe kabla ya sindano ya kwanza ikiwezekana, lakini kama maabara haina kipimo cha B12, matibabu yasisubiri jibu kutoka mbali. Waambie kuhusu foliki asidi. Na ukiwa na upungufu wa chuma pia, chembe haziwi kubwa, kwa hiyo “chembe ni za kawaida” si jibu la kukurudisha nyumbani.

Mtoto usimpe kidonge chochote wewe mwenyewe. Kipimo chake ni cha daktari.

Dukani ukiomba “dawa ya mishipa” utapewa mchanganyiko wa B1, B6 na B12. Soma boksi. Vingi vina B6 miligramu 100 au 200 kwa kidonge. B6 nyingi hivyo ikimezwa muda mrefu nayo inaleta ganzi ya miguu, utafikiri ugonjwa unaendelea kumbe ni dawa. Omba B12 peke yake.

Ukishatibiwa, na daktari akisema umefika hapo, kipimo cha kuendelea nacho kwa mtu mzima asiyekula vya wanyama ni mikrogramu 10 kila siku au 2000 mara moja kwa wiki. Usishangae tofauti. Utumbo kwa mara moja hupokea kama mikrogramu 1.5 hadi 2 kwa njia yake ya kawaida, na cha ziada huingia kama asilimia moja tu. Ndiyo maana cha wiki lazima kiwe kikubwa.

Unga wenye alama ya F umeongezewa virutubisho, ununue, lakini usiutegemee peke yake. Wa mashine ya mtaani haujaongezewa kitu.

Jikoni_Kwetu
Mtoto akianza kula tena, mfanyie kitobero, chakula cha mchanganyiko cha mtoto, kama kinavyofundishwa Mwanamugimu, kitengo cha lishe pale hospitali ya Mulago. Mafungu mawili ya viazi vitamu vya rangi ya chungwa, fungu moja la maharage yaliyolowekwa na kumenywa ganda, kijiko cha njugu safi iliyosagwa, majani machache ya dodo. Funga kwenye jani la ndizi, weka juu ya matooke yanayopikwa kwa mvuke saa moja na nusu, kisha ponda ndani ya jani lenyewe, maji yake yasimwagike. Chakula chako wewe tia chumvi yenye iodini mwishoni mwa kupika. Ya ziwa Katwe inayouzwa mabonge sokoni usiitegemee kwa hilo, na anayenyonyesha anahitaji iodini mikrogramu 250 kwa siku.

Kitobero kwa kawaida huwekwa yai, mukene (dagaa) au maziwa. Hilo utaliamua na daktari, sikulazimishi.

Ustadh_Kawempe
Dada, nilisema kwa ukali. Nenda, tunakuombea. Nauli ikiwa shida, sema hapa.

Chipukizi_Bombo
Nauli ninayo. Boda anakuja. Nimeweka spirulina, vidonge vya njano na kijitabu cha kliniki kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) moja. Musawo, kadi ya chanjo ina ule mchoro wa uzito. Nukta ya mwezi wa sita iko chini ya ya mwezi wa tano. Sikuwahi kuiangalia, nilikuwa naona mashavu tu.

Mkunga_Mbale
Hiyo kadi usiiweke kwenye kaveera. Ishike mkononi, mpe daktari kabla hujakaa.