Ushauri: nikifikia Lushoto naweza kwenda Mtae na kurudi siku hiyo hiyo?

Kijana wa Igoma
Habari zenu wakuu. Nipo Mwanza, wiki ijayo naenda Lushoto, milima ya Usambara kule Tanga, na mtu wangu mmoja, tunafikia pale mjini halafu kila siku tunatoka asubuhi jioni tunarudi. Nataka Irente, msitu wa Magamba, maporomoko ya Soni na kijiji cha Mtae. Shida yangu Mtae, kwa magari ya abiria naweza kwenda na kurudi siku moja? Huku mtaani kila mtu ananiambia lake, usingizi sipati.

Dagaa wa Kayenze
Ngoja waje wenye mji wao. Ila mkuu mwezi huu wa saba kule mtatetemeka. Kwanini msiende kisiwa cha Saanane tu, hapo Capri Point boti dakika chache mpo hifadhini, swala wapo, mawe yapo, mkirudi mnakula sato. Au Bujora pale Kisesa, makumbusho ya Wasukuma, mimi niliwapeleka wajomba zangu kutoka Sengerema walikataa kuondoka kwenye zile ngoma.

Msambaa Halisi
Mtae kwa gari la abiria siku moja sahau. Magari ya kule mengi yanatoka Mtae alfajiri yanaleta watu Lushoto, mchana yanarudi kwao. Wewe utapanda hayo ya mchana, unafika jioni, na la kukurudisha ni alfajiri ya kesho yake. Irente ni kilometa chache toka mjini na gari inafika mpaka ukingoni kabisa, unaliona bonde la Mazinde lote chini yako. Magamba napo karibu ila ule ni msitu wa kutembea, mbega utawaona ukiwa na subira. Soni mtaipita tu mkipanda kutoka Mombo. Huyo mtu wako anaweza milima?

Kijana wa Igoma
Ahsante mkuu. Kutembea anatembea. Lodge ya Lushoto nishalipia siku zote kwa hiyo kulala kwingine haiwezekani. Mtae lazima tufike.

Mama Mapacha
"Kutembea anatembea" ndo jibu gani hilo? Mtu mwenyewe ni nani? Kama ni mke wa mtu tuambie tukae kimya.

Kijana wa Igoma
Ni mama yangu mzazi. Ana miaka sabini na kitu, anatembelea fimbo, ana kisukari anachoma insulini. Kazaliwa Mtae, babu alikuja huku kufanya kazi kwenye jineri ya pamba mama akiwa mdogo, tangu hapo hajarudi. Sikusema mapema maana nilijua mtanikataza. Daktari kasema sukari ikiwa imetulia asafiri, na tiketi za Arusha nishakata, kwa hiyo msiniambie habari ya kuahirisha.

Nesi wa Buzuruga
Kaka yangu hilo lilitakiwa kuwa mstari wa kwanza. Stendi ya Nyegezi mpaka Arusha kupitia Singida na Babati ni siku nzima, hiyo dawa usiiweke kwenye buti wala dirishani juani. Weka kwenye flaski ya mdomo mpana yenye ubaridi, barafu isiguse dawa, insulini ikishaganda haifai tena. Juisi na biskuti ziwe mkononi mwake sio kwenye begi juu. Arusha mlale, usimpitilize.

Dereva Mstaafu
Mimi nilikuwa napakia mbao Lushoto. Kushuka kuja Mombo weka gia ndogo, usikanyage breki njia nzima. Niliwahi kushuka breki zinanuka mpaka tandiboi akaruka. Mama akae mbele, zile kona zinatapisha.

Mpelelezi wa Mabatini
Chai hii. Mama kazaliwa Mtae halafu mtoto anakuja kutuuliza sisi habari za Mtae? Hana hata ndugu mmoja wa kumpigia? Na kwenye uzi wa Ukerewe ulisema nyie Wakerewe.

Kijana wa Igoma
Baba ndo Mkerewe. Ndugu wa mama tulipoteana babu alipofariki, hakuna mwenye namba ya mtu. Siwezi kumtungia uongo mama yangu.

Msambaa Halisi
Muulize mama anakumbuka nini pale kijijini.

Kijana wa Igoma
Yupo hapa pembeni. Anasema nyumba zimekaa juu ya mgongo wa mlima, kuna mahali ukisimama barabarani bonde lipo kulia na kushoto, wakiwa watoto walikuwa wanakatazwa kukimbia. Na kanisa la Kilutheri, ndiko alikobatizwa.

Msambaa Halisi
Basi huyo ni wa kwetu, Mpelelezi acha. Sikia mdogo wangu, mtu aliyeondoka mtoto humpeleki Mtae akapige picha saa moja umrudishe kwenye gari. Hela ya lodge usiku mmoja isamehe. Kodi gari Lushoto, mwondoke asubuhi mlale Mtae, Magamba achana nayo. Mkifika nenda kwa mchungaji na jina la babu, vitabu vya ubatizo hutunzwa kanisani, na wazee wa pale wanajuana kwa koo.

Kijana wa Igoma
Kuhusu kulala namuuliza mwenyewe... kasema tulale.

Msambaa Halisi
Nitumie jina la babu inbox, shangazi yangu yupo huko.