Mjadala: Safari ya Mirihi isiwe ya waja leo waondoka leo

MLETA MADA (Ngamiani, Tanga)

Wenzangu, hamjambo. Jana baada ya sala ya isha tulibishana barazani kwetu, Barabara ya 8, mpaka muuza kahawa akamaliza dele lake la mwisho na ubishi haujaisha. Swali lenyewe: je, ni haki fedha za umma zitumike kuwapeleka binadamu wakaishi kwenye sayari nyingine? Tulikuwa saba. Sita walisema hapana, mimi nikasema ndiyo. Kwa kuwa pale kila mmoja alikuwa anamkata mwenziwe kauli, nimeona niiweke hoja yangu hapa ikiwa nzima, nanyi muipinge mnavyotaka.

Sayari ninayoizungumzia ni Mirihi, yaani Mars, ile nyekundu ambayo mwangaza wake hautikisiki kama wa nyota. Wala sizungumzii kwenda kupiga picha na kurudi. Hayo yalishafanyika Mwezini: kati ya 1969 na 1972 walitua watu 12, waliokaa zaidi walikaa siku 3, na baada ya Desemba 1972 miongo ikapita bila mguu wa mtu kukanyaga kule. Sisi Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Safari za Mwezini zilikuwa hivyo hasa. Ninachotetea ni watu kwenda kukaa.

Naanza na samaki. Mwaka 2004 nilikuwa kijana, nimekwenda Kigombe kwa shangazi. Asubuhi wavuvi wakaleta samaki aliyenasa kwenye jarife, watu wakamzunguka. Magamba yake yalikuwa magumu kama kucha, na mapezi yake yana nyama, yamechomoza mwilini kama vikono vya mtoto mchanga. Mzee mmoja akakataza asipikwe, akasema mafuta yake yanaharisha. Huyo ndiye silikanti, ambaye kwa ajili yake hapa Tanga ilitengwa hifadhi ya bahari mwaka 2009. Wataalamu waliamini ukoo wake ulikwisha pamoja na madainosari, miaka milioni 66 iliyopita, pale jiwe kubwa kutoka angani lilipoipiga dunia upande wa Mexico. Mpaka 1938 akavuliwa mmoja Afrika Kusini, mzima. Ndugu zake waliokuwa mitoni na kwenye maji ya kina kifupi tunawajua kwa alama zilizobaki maweni tu. Aliyebaki ni yule mwenye makao kilindini, kwenye mapango ya giza. Tangu nilipolielewa jambo hilo, sijaweza kuridhika kwamba binadamu wote, lugha zetu zote, kila mtoto anayekaa mbele yangu darasani, tuna nyumba moja tu isiyo na mlango wa uani.

Mtaniambia kwamba tarehe 26 Septemba 2022 Wamarekani waliligonga jiwe la Dimorphos kwa chombo kiitwacho DART, wakafupisha mzunguko wake kwa zaidi ya dakika 30, kwa hiyo mawe ya angani yana dawa. Ni kweli, na siku ile nilifurahi kama vile nimelirusha mimi. Lakini dawa hiyo ni ya mawe. Haitibu vita vya nyuklia wala gonjwa litakalotuzidi mbio.

Sasa, inawezekana? Baba yangu alikuwa baharia wa jahazi, wakibeba boriti na chumvi, Tanga, Pemba, Mombasa, Lamu. Maji ya kunywa yalipimwa kwa kata: moja asubuhi, moja jioni, na aliyenawia uso maji ya pipa alihesabiwa mwizi. Wakati wa kaskazi unateremka, wakati wa kusi unapanda; ukikosa msimu unakaa bandari ya watu miezi, ukitengeneza tanga na kula ulichonacho. Nikifundisha habari za Mirihi huwa naanzia hapo, na watoto hunielewa mara moja. Dunia na Mirihi hukaa mkao mzuri wa safari kila baada ya miezi 26, na njiani ni kama miezi 7. Ukikosa msimu, unangoja.

Na hesabu ya kata imeshapigwa. Kituo cha Kimataifa cha Anga hakijakaa bila watu tangu Novemba 2000, na mwaka 2023 walifikia kurudisha asilimia 98 ya maji yao: jasho, pumzi na mkojo vinasafishwa na kunywewa tena. Mtu wa Handeni, anayeijua shida ya maji, anajua thamani ya hesabu hiyo kuliko mtu wa Houston, wanakoongozea safari hizo Wamarekani. Ufundi wa aina hiyo hautokei kwa sababu waziri fulani ametoa agizo. Unatokea pale watu wamewekwa mahali ambapo hakuna maji mengine.

Hewa je? Mirihi ina hewa nyembamba, mgandamizo wake haufiki hata sehemu moja ya mia ya wa huku, na asilimia 95 yake ni kabonidayoksaidi. Ndani ya Perseverance, gari la roboti la Wamarekani huko Mirihi, lililotua Februari 2021, kulikuwa na kifaa kidogo, MOXIE, kilichoigeuza hewa hiyo kuwa oksijeni. Kilifanya kazi mara 16, jumla kikatoa gramu 122. Ni kidogo, mtu mmoja hatoki nayo asubuhi hadi jioni. Ila mkonge nao ulianza na kidogo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai huku kwetu 62. Hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba mnayoyapita kutoka Muheza hadi Korogwe, na tulipopata uhuru Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge.

Kuhusu fedha nitasema machache. NASA nzima, shirika la anga la Marekani, hupata kama dola bilioni 25 kwa mwaka, chini ya nusu ya asilimia moja ya matumizi ya serikali ya Marekani. Mwaka 2023 dunia ilitumia zaidi ya dola trilioni 2.4 kwa majeshi, karibu mara mia. Anayesema fedha za Mirihi zingejenga hospitali, namwomba aanze kuzitafuta hospitali zake kwenye fungu hilo la pili.

Linalonikosesha usingizi ni jingine. Tusipolipa sisi umma, safari haitakufa, italipwa na matajiri. Elon Musk aliianzisha SpaceX mwaka 2002 na hajawahi kuficha kwamba lengo ni Mirihi. Atakayelipa ndiye atakayepanga nani aende na kule aishi vipi. Ndiyo maana nasema hata Afrika ichangie, japo kidogo, kupitia Shirika la Anga la Afrika lililozinduliwa Cairo mwaka 2025, ili tuwe na kiti. Mnakumbuka Uhuru? Tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei angani, ikapewa jina hilo la Kiswahili kwa kuwa Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru wake. Jukwaa la Waitaliano, roketi na satelaiti za Wamarekani. Pwani na jina ndivyo vilivyokuwa vyetu. Sitaki tuingie tena kwa namna hiyo.

Haya, nipingeni.

MCHANGIAJI (Chumbageni)

Mwalimu, umeandika vizuri ila umechanganya mambo mawili. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja, tulikiona mapema kwa satelaiti, boti za Unguja zikazuiwa, watu wakapona. Hakuna binadamu aliyehitajika kukaa kule juu. Roboti haili, hainywi, ikifa haililiwi na mama yake. Wewe mwenyewe MOXIE unayoisifu ni mashine. Leta sababu ya kumpeleka mtu pale ambapo mashine inatosha.

MLETA MADA

Kaka, mashine itangulie, hilo nakubali bila kinyongo. Kwamba inatosha, hapana. Gari la roboti la Opportunity lilitembea Mirihi kilometa 45 kwa zaidi ya miaka 14. Watu wawili wa Apollo 17, ile safari ya mwisho ya Desemba 1972, waliendesha gari Mwezini kama kilometa 35 kwa siku 3. Roboti za Kisovieti zilileta udongo wa Mwezi usiofika hata nusu kilo, kwa safari tatu. Wanaanga wa Apollo walileta kilo 382. Na kutoka Mirihi ujumbe wa redio huchukua mpaka dakika 22 kufika huku. Fundi wako anaona tatizo, anauliza, anangoja karibu saa nzima apate jibu. Na hata kama mashine ingekuwa hodari mara mia, haitusaidii kwa lile la silikanti. Mashine haina kizazi.

MCHANGIAJI (Muheza)

Nami niseme, maana hapo kwenye kizazi ndipo kazi yangu ilipo. Nina miaka 22 kwenye wodi ya wazazi. Mwalimu, umesema watu wakakae. Kukaa maana yake ni kuzaa. Nilisoma kwamba wanaanga hupoteza zaidi ya asilimia moja ya uzito wa mifupa ya nyonga kila mwezi wakiwa wanaelea. Nyonga, mwalimu. Ndiyo njia ya mtoto. Na Mirihi uzito wa mtu ni asilimia 38 tu ya wa huku. Mama abebe miezi tisa namna hiyo, kwenye mionzi isiyozuiwa na hewa wala na sumaku ya sayari, kisha akivuja damu nimpeleke wapi? Hapa Muheza nikizidiwa, gari hadi hospitali ya Bombo, Tanga mjini, ni kama saa moja, na hiyo saa moja nimeshaona inatosha kumpoteza mtu. Wewe unanipa miezi 7, tena kwa msimu.

Na huyo mtoto hakuulizwa. Mzazi amechagua, yeye amezaliwa tu, na mifupa ambayo huenda isimbebe siku akitaka kuja kuwaona bibi zake. Sijasikia mtu anayezungumzia Mirihi akilitaja hilo.

MCHANGIAJI (Pangani)

Dada wa Muheza kasema. Mimi nina langu kuhusu mkonge, kwa sababu mwalimu ameutaja kama baraka.

Babu yangu mzaa baba alitoka Kigoma akiwa kijana wa ndevu za kwanza. Aliandikishwa, akapewa namba, ndiyo asili ya neno manamba. Kipande chake tunacho mpaka leo, bibi alikihifadhi kwenye kikebe cha majani ya chai. Ni karatasi ngumu yenye visanduku 30. Siku ukimaliza kazi uliyopangiwa, msimamizi anatia alama. Usipoimaliza, kisanduku kinabaki kitupu, na jasho lako la siku ile limekwenda bure. Kuna mstari mmoja una visanduku vitupu vinne mfululizo, na baba alisema hizo ni siku za homa. Nyumba ya mwajiri, chakula cha mwajiri, duka la mwajiri. Aliahidiwa nauli ya kurudi kwao. Kaburi lake lipo hapa, hatua mia kutoka mto Pangani.

Huku kwetu angalau babu angeweza kutoroka usiku akaingia porini, akakuta maji, akakuta watu. Mirihi utatorokea wapi? Ukigoma, mwajiri anafunga bomba la hewa. Hao wanaokwenda kukaa ndio walowezi, na neno hilo kwetu lina historia, mwalimu. Miche 62 ilipokuwa inastawi, kuna watu walikuwa wanaondolewa kwenye ardhi ili ipate pa kupandwa.

MLETA MADA

Nimeyasoma haya mara tatu kabla ya kujibu.

Dada wa Muheza, la mtoto sina jibu, na sitajifanya ninalo. Nilichobadilisha baada ya kukusoma ni mpangilio. Fedha ninazozitetea ziende kwanza kwenye swali lako: wanyama wadogo walelewe kwenye mvutano wa asilimia 38, kizazi baada ya kizazi, kwenye kituo kinachozunguka karibu na dunia, kabla mama yeyote hajapanda chombo. Watakaotangulia wawe watu wazima waliokwisha kulea. Ikionekana mtoto hawezi kukua mzima kule, basi kule hakuna makazi, kuna kituo cha kazi tu, na mimi nitasema hivyo hadharani. Lakini utafiti huo hautalipwa na mwenye haraka ya kufika. Utalipwa na umma, na wakunga wakiwa mezani.

Ndugu wa Pangani, nilitaja mkonge kwa jicho la mwalimu wa fizikia, nikaona miche sikuona watu. Umenisahihisha na nakubali. Ila soma tena kipande cha babu yako halafu uniambie: je, hicho si ndicho kinachokuja tukikaa pembeni? Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unakataza taifa lolote kudai Mwezi au sayari kuwa mali yake. Mwaka 2015 Marekani ikapitisha sheria inayowaruhusu raia na kampuni zake kumiliki madini watakayochimba huko. Njia ya shamba la mwajiri imeanza kukatwa. Ukisema hapana, na mimi nikisema hapana, hatuizuii. Tunachofanya ni kumwachia mwenye chombo aandike kipande peke yake. Mimi nataka hewa na maji ya kule viwe mali ya umma kabla mtu wa kwanza hajaondoka, na nijuavyo, asiyelipa chochote hasikilizwi kikaoni.

MCHANGIAJI (Pangani)

Nimekuelewa, mwalimu. Bado mimi ni hapana. Ila kama kweli kuna siku mkataba huo unaandikwa na Waafrika wakiwa na kiti, apatikane mtu wa kukisoma kipengele cha nauli ya kurudi, neno kwa neno. Na awe ni mtu wa huku kwetu.