Mjadala: Protini ya kuotesha mfupa ipigwe marufuku kwenye upasuaji wa shingo kwa mbele?

Mleta mada
Wakuu, naomba hoja zenye ushahidi. Protini ya kuotesha mfupa iitwayo BMP-2, ambayo kampuni ya vifaa tiba ya Medtronic huiuza kwa jina la Infuse, ilipewa kibali na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, mwaka 2002 kwa ajili ya kuunganisha pingili za kiuno kwa kupitia tumboni. Shingo haikuwemo. Madaktari wakaitumia shingoni hivyo hivyo, na tarehe 1 Julai 2008 FDA ikatoa onyo: katika miaka 4 ilikuwa imepokea taarifa zisizopungua 38 za wagonjwa waliopata madhara, wengi wakivimba shingo na koo. Wapo waliohitaji mpira wa kupumulia, kutobolewa koo, au kurudishwa chumba cha upasuaji kutolewa majimaji. Msimamo wangu: kwa upasuaji wa mbele, ipigwe marufuku. Karibuni mpinge.

Pingili
Napinga. Tuangalie kwanza ilivyotumika. Daktari hupita kati ya umio na ateri kubwa ya shingo, anatoa diski (kitu laini kilicho kati ya pingili mbili), anaweka kikasha kidogo chenye mfupa, kisha anafunga bamba la titani kwa skrubu. BMP huja kama unga. Unachanganywa na maji safi ya sindano hadi miligramu 1.5 kwa mililita, unaloweshwa kwenye sponji ya kolajeni ya ng'ombe, na sponji huachwa angalau dakika 15 ili protini ishike. Ukiharakisha, au ukishindilia sponji kubwa kwenye kikasha kidogo, inakamuka na maji yenye protini yanamwagikia umio. Na protini hii huamsha uchochezi na uvimbe wiki kadhaa kabla mfupa haujaota.

Halafu dozi. Utafiti mmoja wa 2006 uliangalia wagonjwa 151 waliopewa hadi miligramu 2.1 kwa kila diski, asilimia 23.2 walipata matatizo. Kwa nafasi ndogo kama diski ya shingo, hiyo ni nyingi mno. Baadaye wengi walishuka chini ya miligramu 1. Tusihukumu dawa kwa dozi iliyokosewa.

Njia ya Hewa
Dozi ndogo inapunguza hatari, haiiondoi, na kwangu mimi tatizo kubwa ni muda. Damu inayovilia baada ya upasuaji wa kawaida wa shingo mara nyingi hujionyesha saa za mwanzo, mgonjwa akiwa bado wodini. Uvimbe wa BMP, kwa taarifa za FDA, mwingi ulitokea kati ya siku ya 2 na ya 14. Hapo mgonjwa yuko nyumbani, na ndugu wanadhani ni maumivu ya kidonda tu.

Dalili zijulikane: mate yanamshinda kumeza, sauti inakuwa nzito, hawezi kulala chali, anavuta hewa kwa mlio. Tafadhali msisubiri kipimo cha oksijeni cha kidoleni kishuke, kwa sababu huchelewa sana. Kuingiza mpira kwenye koo lililovimba na kusukumwa pembeni ni kazi ngumu. Anahitajika mtu mzoefu, na pembeni yake awepo wa kutoboa koo. Dawa za steroidi hupunguza uvimbe. Damu iliyovilia haziigusi, hiyo lazima nyuzi zifunguliwe.

Mleta mada
@Pingili, hata tukikubali dozi ndogo, faida iko wapi? Diski moja ya shingo, kwa mfupa wa mtu aliyefariki na bamba, huunga kwa zaidi ya asilimia 90 bila BMP. Ushahidi wa mwanzo nao ulikuwa na doa. Mwaka 2011 jarida la The Spine Journal lilipitia tafiti 13 zilizofadhiliwa na viwanda: wagonjwa 780 waliopewa protini, na hakuna dhara hata moja lililohusishwa nayo. Wapitiaji wakakadiria madhara halisi kuwa mara 10 hadi 50 ya yaliyokuwa yametajwa. Mwaka 2013 timu mbili huru, zikipewa data zote za Medtronic kupitia Chuo Kikuu cha Yale, hazikuona faida ya maana kuliko mfupa unaochukuliwa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe, na shingoni shida za kumeza zilikuwa nyingi zaidi.

Pingili
Kwa diski moja, mtu asiyevuta sigara, nakubali: isitumike, hakuna sababu. Ninachokataa ni neno "marufuku". Yupo mgonjwa ambaye pingili zake zimegoma kuunga mara mbili, anavuta sigara, na anahitaji diski 3 au 4. Mfupa wa nyonga nao una gharama yake: maumivu ya muda mrefu, ganzi ya paja, maambukizi. Mtu huyo anaweza kufanyiwa kwa nyuma, ambako uvimbe hauko jirani na koo, ingawa mfupa kuota pasipotakiwa na mshipa wa fahamu kuwaka bado vinawezekana. Kuna pia i-Factor, chembe za kujazia zenye peptidi (kipande kidogo cha protini) iitwayo P-15, ambayo FDA iliipa kibali mwaka 2015 kwa diski moja ya shingo kwa mbele. Si BMP.

Njia ya Hewa
Basi kwa wachache hao kibali kiwe na masharti. Fomu ya ridhaa itaje jina la protini, miligramu kwa kila diski, na kwamba matumizi hayo yako nje ya kibali. Mwenye saratani, mjamzito, au mwenye mzio wa kolajeni ya ng'ombe asipewe. Na anayekaa mbali na hospitali yenye mtaalamu wa ganzi usiku asiruhusiwe kwenda nyumbani siku ya 2. @Pingili, hilo la mwisho unalikubali, au utasema vitanda havitoshi?