Mzigo wa kupimia inverta na pawa saplai: balbu za gari, koili ya jiko, ndoo ya maji au transista?

fundi_umoja

Habari zenu mafundi. Nina kibanda Umoja, kazi yangu ni UPS, inverta na pawa saplai za kamera. Nataka ushauri kuhusu mzigo wa majaribio, yaani kitu cha kuvuta umeme ili kuipima kazi ya fundi, maana ule ninaotumia umenidanganya na umenikosesha mteja.

Mwezi uliopita nililetewa pawa saplai ya volti 12, ampia 10. Nikatoa kapasita zilizovimba, nikaweka mpya, nikaiwasha bila mzigo: volti 12.1, imetulia. Nikafunga balbu mbili za taa ya mbele ya gari, zile H4, sambamba. Ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Tik, tik, tik. Nikaamini bado ni mgonjwa. Nikabadilisha mosfeti (transista ya kuwasha na kuzima mkondo), nikabadilisha IC inayoiendesha, wiki mbili zikaisha, bado tik, tik. Mwenyewe akachoka akaichukua. Siku ya pili akanipigia kuniambia kwake inaendesha kamera zote nane bila shida.

Ndipo nikapima balbu yenyewe ikiwa baridi. Mita ilisoma 0.4, na ncha za mita zikigusana zinasoma 0.2, kwa hiyo balbu yenyewe ni omu 0.2. Volti 12 ukigawa kwa 0.2 ni ampia 60, na hiyo ni balbu moja. Saplai ya ampia 10 ikiona hivyo inajua ni shoti, inajikata. Ilikuwa inajilinda tu, mimi nikaifungua mara tatu.

Mashine za dukani za kuvuta mkondo bei yake siifikii sasa. Nataka kitu cha volti 12 hadi 24 kinachofika wati 300 hivi, na kingine cha inverta za 240. Nimetenga shilingi 2,000. Ninyi mnatumia nini?

koili_kariobangi

Pole fundi, hilo limetupata wengi. Ukinzani wa waya wa balbu ukiwaka hupanda mara kumi na zaidi. Ikishawaka ni mzigo mzuri kabisa, shida ni ile sehemu ndogo ya sekunde ya mwanzo.

Mimi ni mtu wa koili ya jiko. Nunua ile koili ya akiba ya jiko la umeme, wati 1000, volti 240, inauzwa imesokotwa kama springi. Ukinzani wake ni 240 mara 240 gawa kwa 1000, yaani omu 57.6. Ikate vipande 12 sawa, kila kimoja ni omu 4.8. Kwenye volti 12 kipande kimoja kinavuta ampia 2.5, wati 30. Vipande vyote 12 sambamba vinakupa ampia 30, wati 360.

Kwa nini vipande 12 na si vitano? Kwa sababu ya joto. Jikoni waya huo hubeba ampia 4.2 ukiwa mwekundu. Ukiubebesha 2.5 joto lake ni kama theluthi moja ya lile la jikoni, na ukiwa hewani haufiki wekundu. Utaunguza kidole, lakini hautayeyuka wala kuchoka haraka. Ukikata vitano ili uvute mkondo mkubwa kwa kila kipande, unarudi kwenye waya unaong'aa mezani.

Uzuri mwingine: betri ya volti 24, unaunga viwili viwili kwa mfululizo, unapata njia sita, ampia 15. Volti 48, vinne vinne, njia tatu, ampia 7.5. Wati ni zilezile 360.

Sasa kukata, hapo ndipo watu hukosea. Usipime kwa rula. Springi hiyo imevutika hapa na pale, sentimita kumi za upande huu si sawa na kumi za upande ule. Hesabu mizunguko. Yangu ilikuwa na 216, kila kipande nikakipa 18. Nilihesabu kwa ncha ya bisibisi, kila ya kumi na nane nikaitia doa la rangi ya kucha, kisha nikarudia hesabu kutoka upande wa pili kabla ya kugusa koleo. Madoa mawili yaliangukia mahali tofauti, nikarudia. Ukishakata hakuna kuunga, maana nikromu, yaani madini ya waya huo, haikubali risasi ya kuchomelea. Inateleza tu. Kila ncha nyosha nusu mzunguko, ipige pete kwenye bolti, weka washa chini na juu, kaza kwa nati.

Bolti hizo zipitishe kwenye kipande cha kigae cha sakafu. Mabaki ya vigae utayapata popote wanapojenga. Kile kiungio cha plastiki cha waya kitayeyuka, nimejaribu. Na usitumie kipande cha paa la zamani la asbesto hata ukipewa bure, vumbi lake linaharibu mapafu.

dada_sola

Naheshimu koili, lakini balbu msizitupe. Mimi nafunga sola pande za Ruai na Kitengela, na asilimia kubwa ya kazi yangu ni mtu kuniambia betri haishiki.

Betri ya risasi ya ampia-saa 100 imepewa namba hiyo kwa kuvutwa saa 20, yaani ampia 5, mpaka ifike volti 10.5. Balbu moja ya H4, waya wake wa wati 55, inavuta ampia 4.6 hivi. Karibu ileile! Kwa hiyo naijaza betri, naiacha itulie, nafunga balbu moja na saa ya ukutani, naandika volti kila nusu saa. Ikifika 10.5 nakata hapohapo. Iliyodumu kwa saa 9 tu ni karibu nusu betri, hilo namwonyesha mwenyewe kwenye daftari na hatubishani. Ukiivuta kwa ampia 30 za koili utapata saa chache kuliko hesabu, na si kosa la betri. Betri ya risasi ikivutwa kwa nguvu hutoa kidogo.

Kwa betri, ule mkondo mkubwa wa mwanzo si kitu. Kwa betri za lithiamu zenye BMS (saketi ya kuilinda betri) ndogo, balbu nyingi kwa pamoja zinaweza kuikata, hapo nawasha moja moja.

Kwa pawa saplai, fundi wa Umoja, weka kipande kimoja cha koili mfululizo na balbu kwa sekunde mbili, kisha kiruke kwa swichi, mkondo usikipitie tena. Balbu itakuwa imeshapata moto. Na kitu kimoja: hakikisha ni balbu ya waya. Ya LED haikufai kwa hili, haivuti mkondo kama mzigo wa kawaida.

kijana_wa_poli

Mbona hamtaji ndoo ya maji ya chumvi? Mabamba mawili ya chuma, unayasogeza karibu mkondo unapanda, unayatenganisha unashuka. Chumvi ni bei rahisi kuliko koili. Nimeona ikifanywa na genereta.

mzee_wa_redio

Kijana, genereta hutoa mkondo wa kwenda na kurudi. Wewe utafunga betri. Mkondo wa upande mmoja kwenye maji ya chumvi unatoa hidrojeni bamba moja na klorini bamba la pili. Moja inalipuka, nyingine inachoma kifua, na vibanda vyetu havina hata dirisha. Ukitumia chuma kisichoshika kutu, maji yanageuka manjano, na hiyo ni kromiamu yenye sumu ambayo utaimwaga kwenye mtaro watoto wanapopita.

Hata ukiyaacha hayo, haitulii. Maji yakipata joto yanapitisha umeme zaidi, mkondo unapanda, joto linaongezeka, mkondo unapanda tena. Unapima kitu gani hapo? Acha.

Maji ni mazuri yakiwa ya kupokea joto tu, umeme ukiwa ndani ya bomba la hita. Kwa inverta ya 240 mimi natumia hita ya kutumbukiza ya wati 1500 kwenye ndoo ya lita 20. Kila sekunde 56 hivi maji yanapanda digrii moja. Yakianza kwenye 20 nina zaidi ya saa moja kabla hayajachemka. Inverta yenye kasoro itaonyesha ndani ya muda huo: harufu, feni kupiga kelele, au kujikata. Itumbukize kabla ya kuwasha, zima kabla ya kutia mkono majini, na hita isiwashwe ikiwa nje ya maji.

Birika la umeme lafaa kwa dakika chache, kisha linajizima. Pasi ina kidhibiti joto, inawaka na kuzima yenyewe, utadhani inverta inakatika. Kikausha nywele sikishauri. Vingi, ukiviweka kwenye nguvu ndogo, vinavuta nusu tu ya wimbi kupitia dayodi, na hilo linaitesa inverta bure.

Jambo la mita pia. Inverta ya wimbi la mraba au la ngazi, maltimita ya bei ndogo inakosea volti, kwa sababu imetengenezwa ikitarajia wimbi la mviringo kama la stima. Usianze kugeuza vipimo vya inverta kabla ya kupata mita inayosoma thamani halisi (iliyoandikwa true RMS).

dada_sola

Mzee, na koili ya shawa ya umeme je? Kila nyumba hapa Nairobi ina moja iliyoungua au ya akiba.

mzee_wa_redio

Kwa betri, sawa. Ya wati 5500 kwa volti 220 ni omu 8.8, kwenye betri ya volti 48 inakupa ampia 5 na nusu, wati 260 hivi. Lakini kwa 240 ndani ya ndoo, hapana kabisa. Waya wa shawa nyingi hizo uko uchi ndani ya maji, hauna bomba linaloutenga. Ndoo ya plastiki haina waya wa ardhi. Atakayetia kidole kuonja joto la maji ameshika umeme. Nimemzika rafiki kwa jambo linalofanana na hili, tafadhali msijaribu.

mosi_feti

Nimesoma yote. Kuna kazi moja ambayo koili na balbu haziwezi: kuvuta mkondo usiobadilika hata volti zikishuka. Ukitaka kupima seli za 18650 (betri ndogo za lithiamu) za laptopu kuukuu moja moja, au kuongeza mkondo polepole mpaka uone saplai inajikata wapi, unahitaji transista. LM358 (IC ya kulinganisha volti), rezista ya omu 0.1 ya wati 5, potenshometa (rezista ya kuzungusha), transista kubwa, na bamba la kupozea lenye feni kutoka kompyuta mbovu. LM358 inalinganisha volti za rezista na zile za potenshometa, inaifungua transista kadiri inavyotakiwa. Ukiweka milivolti 200, unapata ampia 2, basi.

Onyo langu ni hili. Karatasi ya maelezo ya mosfeti IRFZ44N inasema wati 94. Mimi niliivutisha volti 30, ampia 2 tu, wati 60, ikafa kabla sijaondoa mkono. Wati 94 ni pale mgongo wake ukiwa digrii 25, na hakuna bamba litakaloushikilia hapo. Tena mosfeti nyingi za kisasa zimeundwa kwa kuwasha na kuzima upesi. Ukiziacha katikati, zimefunguka nusu, sehemu moja ndogo ya ndani inapata moto kuliko nyingine, mkondo unakimbilia hapo, shoti. Na mosfeti ikifa hivyo mara nyingi hubaki imefunguka, betri yako yote inapita. Fyuzi si hiari.

Sasa nagawanya wati 30 kwa kila transista, si zaidi, kila moja na rezista yake na nusu yake ya LM358. Wenye transista 2N3055 za zamani kwenye vikopo vya chuma wasizitupe, kwa kazi hii bado ni imara, ila LM358 peke yake haina mkondo wa kuisukuma, itie transista ndogo kati. Na mnaponunua, zipimeni. Bandia zimejaa, nyingine ukiifungua kichipu chake ni kidogo kama punje ya mchele.

Kwa wati 300, fundi, koili. Nisingejenga transista kumi kwa ajili ya hilo.

fundi_umoja

Nawashukuru nyote. Nimejenga ya koili wikendi hii, naleta majibu.

Vipande 12, vigae viwili vimesimama kwenye fremu ya chuma, feni ya kompyuta chini. Nilihesabu mizunguko kama ulivyosema, koili_kariobangi, yangu ilikuwa na 198, nikavipa 16 na nusu kila kimoja. Vipande vilipishana kuanzia omu 4.6 hadi 4.9 kwenye mita yangu. Fyuzi ya ampia 40 iko karibu na betri.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilitumia swichi ya taa ya ukutani kwa betri za volti 48. Nilipoizima cheche ilibaki ndani, ikaendelea kulia, plastiki ikaanza kunuka. Nikang'oa waya kwa koleo.

Baada ya hapo nikafunga vipande vinne sambamba, nikachomeka saplai ya ampia 10 ya aina ileile iliyonishinda. Iliwaka mara moja. Hakuna tik. Volti 11.9 kwenye skrubu za saplai, lakini 11.3 kwenye koili. Klipu za mamba zilikuwa zinachoma vidole, ndizo zilizokula zile volti. Nikaziondoa, nikaweka vishikizo vya kukaza, ikawa 11.8. Iliendelea dakika 40 huku nikikunywa chai. Vyote 12 kwenye betri vimevuta ampia 28.6.

Nimempigia yule mteja. Amesema ana nyingine mbili mbovu, ataleta Jumamosi.

koili_kariobangi

Hongera. Ampia 28.6 badala ya 30 ni sawa, nikromu ikipata moto ukinzani unapanda kidogo, na kebo zako zina sehemu yake. Swichi ya ukutani inategemea stima ipite kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde ili cheche ife. Betri haipiti sifuri. Tafuta swichi iliyoandikwa DC (mkondo wa upande mmoja), na volti zake ziandikwe, au chomoa vipande kimoja kimoja ukianza na vya mwisho.

Kabla mteja hajaja Jumamosi, kaza nati zote tena koili ikiwa baridi. Baada ya kupashwa moto mara ya kwanza huwa zinalegea. Zangu zilikubali karibu robo mzunguko kila moja.