Kadi ya Idi: mwezi unakwama nikivuta

Binti Tanga: Habari zenu wapendwa. Namtengenezea bibi kadi ya Idi. Ukivuta ulimi wa karatasi, mwezi mwandamo wa manila ya njano unapanda juu ya msikiti. Mara ya kwanza unapanda vizuri, mara ya pili unakwama katikati na ulimi unajikunja. Ulimi ni karatasi ya daftari, gundi ni nyeupe ya maji. Macho ya bibi yamefifia, nataka kitu atakachokivuta mwenyewe. Nifanyeje?

Fundi Makaratasi: Karatasi ya daftari ni laini mno, dada. Tumia manila. Ipinde kidogo huku na huku: mkunjo unaokubali kirahisi ndio unaofuata nyuzi za karatasi, kata ulimi urefu wake ufuate mkunjo huo. Tundu unamopita ulimi lizidi upana wake kwa milimita 2.

Mama Nasra: Na gundi ya maji inakunja karatasi, mwanangu. Chukua ya kijiti. Weka na kizuizi nyuma, bibi asije akauchomoa wote.

Binti Tanga: Asanteni sana! Nimevuta mara kumi, haujakwama. Ncha ya ulimi nimeibandikia kitambaa cha kanga aipapase.