Naomba ushauri: safari ya Japani kuona maua ya sakura, nichague Tokyo au Kyoto?

BintiMawese
Habari za jioni wanajukwaa. Niko Kigoma mjini, nafanya biashara ya mawese. Mwakani nataka kwenda Japani kuona sakura zikichanua. Tutakuwa wawili. Nimepata wakala Dar, ametupangia siku kumi, Tokyo na Kyoto. Sasa nimeanza kusoma huku na kule, kila mtu anasema lake: huyu Machi, yule Mei. Hela ya kwenda mara ya pili sina, na usiku silali nikiwaza. Mliowahi kufika, tukae zaidi Tokyo au Kyoto? Na baridi ikoje, makoti ya mtumba ya hapa Mwanga yanatosha?

Mzee Kibirizi
Mwakeye binti. Mimi ujana wangu nilipanda Liemba mpaka Mpulungu, sina mzigo wala ndugu kule, nilitaka tu kuona watu wa upande wa pili. Nilirudi mfuko mtupu, mama watoto akaninunia mpaka mvua zikaanza. Lakini ile safari naikumbuka mpaka leo. Nenda.

Mnyamwezi wa Kitete
Maua tu ndiyo upande ndege? Njoo Tabora mwezi wa tisa mwishoni, kabla ya mvua. Miombo inachipua majani mekundu, porini unadhani kuna moto. Baba yangu alikuwa mrina asali, alinifundisha kutazama miti kabla ya kutundika mizinga. Wazungu wanapita na treni wanalala, hawajui walichokikosa.

Kaka Nagoya
Dada, nilisoma kule, misimu kadhaa ya sakura imenikuta. Kabla ya koti tuambie TAREHE. Miti mingi ya Tokyo ni aina moja, Somei Yoshino, imezalishwa kwa kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo kwenye shina jingine, kizazi kwa kizazi, kwa hiyo inafunguka pamoja na kupukutika pamoja. Tangu ua la kwanza mpaka mti kujaa ni kama wiki moja. Baada ya hapo una wiki nyingine hivi, na mvua ya upepo ikipiga hata hiyo huipati. Mamlaka ya hali ya hewa ina mti wake wa kupimia pale Tokyo, kwenye hekalu la Yasukuni. Wakiona maua 5 au 6 yamefunguka wanatangaza. 2023 walitangaza tarehe 14 Machi. 2024 ikawa 29 Machi. 2025, tarehe 24. Umeona inavyoyumba? Machipukizi yanalala, yanahitaji baridi ya kutosha ndipo yaamke, kisha joto ndilo linayasukuma. Wakala hawezi kukuahidi siku.

BintiMawese
Asanteni sana, Mzee Kibirizi umenipa moyo. Ni mwezi wa nne. Vipi kuhusu makoti?

Kaka Nagoya
Mwezi wa nne una siku 30, dada yangu. Mwanzoni, katikati au mwishoni?

BintiMawese
Tarehe 18 mpaka 27. Naomba msinilaumu. Wakala alisema Aprili ndiyo msimu, na mwisho wa Machi bei ilikuwa juu sana. Advansi nimeshatoa, nusu ya hela yote, na hairudishwi. Nimetoa kwenye mtaji. Najua mtasema mtaji hauliwi, ila biashara ni yangu, nimeijenga kuanzia dumu moja.

Kaka Nagoya
Tarehe 18 Tokyo na Kyoto, zile za kwenye picha zitakuwa zimeshaanguka. Kyoto mwaka 2021 zilijaa tarehe 26 Machi, mapema kuliko rekodi zao zote za nyuma, za zaidi ya miaka 1,200. Utakuta majani mabichi.

Mjasiriamali Ujiji
Mtaji hauliwi dada, umejisemea mwenyewe. Hiyo nusu iliyobaki nunua mashine ya kukamulia. Maua yapo hata pale kwenye mwembe wa Livingstone.

Nesi Mstaafu
Mwanangu, mimi nina maswali mawili na hujajibu hata moja kwa sababu hakuna aliyeuliza. Huyo wa pili ni nani? Na kwa nini lazima iwe mwakani? Mtu mwenye akili ya kujenga biashara kuanzia dumu moja hashindwi kusubiri mwaka mmoja akapate tarehe nzuri. Kuna jambo hujalisema.

BintiMawese
Shikamoo mama. Sikutaka kulileta hapa.

Wa pili ni mama yangu. Ana presha ya macho. Jicho la kulia limeshakwenda, la kushoto linaona mbele tu, pembeni giza. Daktari alisema dawa inachelewesha, lakini kilichopotea hakirudi. Alikuwa mwalimu wa sekondari, na shuleni kwao kulikuwa na Mjapani wa kujitolea, mwalimu wa hesabu. Alipoondoka alimwachia kalenda. Bado iko ukutani sebuleni, imefunguliwa Aprili, kona moja imeliwa na mende. Picha ni mti ambao matawi yake yameinama mpaka karibu na maji. Mwezi uliopita nilimkuta amesimama mbele yake, pua inakaribia kugusa ukuta, anausogeza uso taratibu, tawi kwa tawi. Ndipo nikampigia wakala. Mwakani anaweza kuona. Mwaka unaofuata sijui. Yeye mwenyewe hajui chochote, nataka iwe zawadi.

Mjasiriamali Ujiji
Pole sana dada. Lakini sasa ndiyo nasema kwa nguvu zaidi: hiyo hela mpeleke CCBRT au KCMC, siyo kwenye maua.

BintiMawese
Kaka, tumeshazunguka hospitali. Dawa anapata na nitaendelea kumnunulia. Hakuna hospitali iliyoniambia leta milioni kadhaa jicho lirudi. Wangesema, ningeuza mpaka nyumba.

Haki Bin Haki
Chai. Tena ya tangawizi. Lilianza koti, likaja tarehe, sasa mama kipofu na kalenda. Hili ni tangazo la wakala, subirini kesho ataweka namba ya simu na "nafasi chache zimebaki".

Mwisho wa Reli
Haki, mtu wa Kigoma akisema anakwenda Japani inakuwa chai? Angekuwa wa Masaki ungeuliza? Huku tunauza mawese mpaka Burundi na Kongo. Mheshimu dada.

Mnyamwezi wa Kitete
Na mimi kidogo nilishtuka, nisiwe mnafiki. Kalenda ya miaka yote hiyo, kwenye unyevunyevu wa ziwa?

Haki Bin Haki
Sijataja kabila wala mkoa. Nauliza kitu kimoja: dawa ya mama inatunzwaje? Aliyetunga hadithi hajui.

BintiMawese
Ni ya matone, tone moja usiku. Chupa ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye friji. Umeme ukikatika muda mrefu naenda Kibirizi kwa wauza samaki, naomba barafu naweka kwenye ndoo yenye mfuniko, chupa naifunga na kanga isiguse barafu yenyewe, maana ikiganda inaharibika. Iliyofunguliwa inakaa mezani, baada ya wiki sita naitupa. Kuhusu wakala, jina sijalitaja na sitalitaja.

Nesi Mstaafu
Ni latanoprost hiyo, na utunzaji wake ndio huo. Haki, mwache mtoto wa watu. Binti, kwenye ndege hiyo chupa iwe kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye begi la chini, pamoja na barua ya daktari. Dawa ya mwezi mmoja kwa matumizi yake Japani wanaruhusu. Na kumbuka: kwa presha ya macho kinachokwenda kwanza ni pembeni, na mwanga hafifu unamsumbua. Hizo bustani za taa za usiku zisikutamanishe. Mpeleke asubuhi, mshike mkono upande wa jicho bovu.

Haki Bin Haki
Samahani dada. Wakala mmoja alinila laki nane kwa "viza ya uhakika", tangu hapo naona moshi kila mahali. Basi nikupe nilichojifunza kwa machungu: viza inatolewa na ubalozi wa Japani pale Dar na hakuna wakala wa kuiahidi. Wanataka ratiba ya siku kwa siku, taarifa ya benki, na kwa sababu wewe ndiye unamlipia mama, cheti chako cha kuzaliwa kuonyesha ni mama yako kweli. Viza ikitoka, ya kuingia mara moja inadumu miezi mitatu, kwa hiyo usiwahi sana kuiomba. Mama ana pasipoti?

BintiMawese
Hana. Ningeombaje bila kumwambia?

Nesi Mstaafu
Ndiyo hapo sasa. Zawadi ya kushtukiza kwa mtu anayepoteza macho siyo zawadi. Mwambie, aingoje, aifurahie kabla haijafika.

Kaka Nagoya
Nami narudi kwenye tarehe, maana kuna namna. Advansi usiitupe. Siku zibaki hizo hizo, mwambie wakala abadilishe miji tu. Kyoto iondoke. Tokyo mkae siku tatu, mwende bustani ya Shinjuku Gyoen: wana sakura za aina nyingi, na katikati ya Aprili ndipo yanakuja maua mazito yenye tabaka tabaka, wanaita yaezakura. Somei Yoshino ni jeupe karibu kabisa, kwa macho ya mama lingepotea kwenye mawingu. Haya ni ya waridi iliyokolea, na makubwa. Pombe hawaruhusu mle, hakuna vurugu. Halafu pandeni Shinkansen, treni yao ya mwendo kasi, mpaka Shin-Aomori, mbadilishe treni kwenda Hirosaki. Kule kaskazini sakura zinachelewa. Kwenye bustani ya ngome kuna miti kama 2,600, ikiwemo ile inayoinamisha matawi. Mama hatalazimika kutazama juu. Tawi litamfikia usoni. Miaka ya karibuni zinawahi, siwezi kukuapia siku, lakini tarehe 20 na kitu una nafasi nzuri. Na mtarudi kabla ya tarehe 29, sikukuu zao zinapoanza na kila hoteli inajaa.

Makoti ya Mwanga chukueni. Aomori asubuhi ni baridi ya kweli.

BintiMawese
Wakala amekubali kuondoa Kyoto, ila anaongeza hela ya treni. Nitalipa, hilo nimeamua, msinishauri tena kuhusu mashine. Na mama nimemwambia jana. Kwanza alikasirika, akauliza mtaji nimeupeleka wapi, akataka kuona daftari la mauzo nimsomee. Nimesoma mpaka ukurasa wa mwisho. Asubuhi akauliza kama Hirosaki kuna ngazi nyingi, kwa sababu ngazi ndizo zinamtisha.

Kaka Nagoya
Njia za bustani kwa sehemu kubwa ni tambarare. Kwenye ngome yenyewe ndiko kuna ngazi, asipande. Uzuri uko chini kwenye handaki la maji.

Nesi Mstaafu
Kesho mfike Uhamiaji naye, na namba ya NIDA. Majina yafanane na ya cheti chako cha kuzaliwa. Yakipishana herufi moja, anzeni na hilo.