Nyumba ya Byron au ya Wordsworth: nimpeleke mgeni wapi?

Mpwani_Leicester
Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Nina mgeni anapenda mashairi, nataka kumtembeza kwenye nyumba ya mshairi yenye bustani. Nimebakiwa na mbili: Newstead Abbey ya Byron, au Rydal Mount ya Wordsworth. Tiketi nakata kesho jioni. Ipi nzuri?

Mzee_wa_Pongwe
Mgeni gani? Mwezi gani? Mna gari? Mwanangu, unauliza njia hujasema unatoka wapi.

Mpwani_Leicester
Samahani mzee. Ni shangazi yangu, miaka 71, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, magoti yanamsumbua. Tunatoka Leicester, mwishoni mwa Machi, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Gari hatuna.

DadaKendal
Rydal! Wordsworth aliishi pale tangu 1813 hadi alipofariki 1850, na bustani aliipanga mwenyewe. Ukishuka kidogo kuna Dora's Field, familia ilipopanda maua ya dafodili kumkumbuka binti yao Dora, aliyefariki 1847. Mwishoni mwa Machi ndipo yanapochanua, manjano tupu chini ya miti. Mimi huenda kila mwaka.

Mnottingham
Dada, magoti! Pale ni kilimani, Dora's Field yenyewe mteremko. Na kutoka Leicester ni kubadili treni hadi Windermere, halafu basi. Newstead unapanda basi Nottingham, unashukia getini. Ila kutoka getini hadi kwenye nyumba ni kama maili moja, mchukulie shangazi teksi. Kuna ziwa, tausi, na kaburi la Boatswain, mbwa wa Byron aliyekufa kwa kichaa cha mbwa 1808. Mnara wake ni mkubwa kuliko kumbukumbu ya Byron mwenyewe kanisani Hucknall.

Mama_Wawili
Popote uendako, piga simu kwanza. Mwaka juzi niliwapeleka wazazi kwenye nyumba moja ya mwandishi, jina naliacha. Tovuti ilisema wazi kila siku. Tumefika saa tano, mvua inamwagika, kumbe kilicho wazi kila siku ni bustani; nyumba ni Jumamosi na Jumapili tu. Mama alikuwa amejitanda kanga juu ya koti, viatu chapachapa. Tukachungulia dirishani: kitanda, jagi la kunawia, basi. Mkahawa nao umefungwa. Tukala maandazi yetu kituoni, tukingoja basi kwa muda wa karibu saa mbili. Baba hakutamka neno hadi nyumbani. Mpaka leo naumia.

Mzee_wa_Pongwe
Pole sana binti yangu. Mpwani, mpeleke Newstead, na sababu si mbwa. Livingstone alikaa pale miezi kadhaa kati ya 1864 na 1865, akiandika kitabu cha safari ya Zambezi. Byron alikuwa ameshaiuza tangu 1818. Kisha 1874 wakafika Susi na Chuma, wale walioongoza msafara uliobeba maiti ya Livingstone kutoka Chitambo, Zambia ya leo, hadi Bagamoyo. Walipigwa picha pale pale Newstead. Mwalimu wa Kiswahili asimame mahali hapo.

DadaKendal
Mzee, swali ni nyumba ya mshairi. Livingstone ana uhusiano gani na mashairi?

Mzee_wa_Pongwe
Hana, nakubali. Ila Susi na Chuma walifika Uingereza Livingstone ameshazikwa. Mwendo wote ule, na mazishi wakayakosa. Hilo huniuma kila nikilikumbuka.

Mnottingham
Na sisi je? Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Machui, 1909. Wangapi humu tumewahi kufika?

Mzee_wa_Pongwe
Mimi ni jirani, nimefika mara nyingi. Anayekwenda Tanga anitafute, nitampeleka.

Mama_Wawili
Mzee, Agosti tunakuja. Tukitoka mjini tunapanda daladala ya wapi?

Mpwani_Leicester
Nimemsomea shangazi yote haya. Dafodili kazipenda. Halafu kauliza: hiyo picha ya Susi na Chuma imetundikwa mle ndani, au tutaona ukuta tu?

Mnottingham
Nimeenda mara mbili na sikuangalia, muda wote nilikuwa kwenye kaburi la mbwa. Kesho asubuhi nitapiga simu niulize.